Chombo Hupimwa Ufukoni: Namna ya Kuchagua Safari ya Ziwa Tanganyika

Sisi wa Usoke, mkoani Tabora, hatuna bahari, ila maji yetu yana safari ndefu. Mvua ikinyesha hapa hushuka kwenye vijito vya msimu, huingia Mto Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Hata meli kongwe ya ziwa hilo ilipita kwetu, tena juu ya reli. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaitia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam kisha Kigoma kwa Reli ya Kati. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 wenyewe wakaizamisha isitekwe, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kwa hiyo mtu wa Usoke akitoa neno kuhusu vyombo vya Tanganyika asiambiwe amedandia.

Wenye nafasi zao hulipa fedha nyingi kwenda Norway kutazama fiodi, yale maghuba membamba yaliyochongwa na barafu ya kale katikati ya milima. Refu kuliko yote huko ni Sognefjord, na kina chake kinazidi mita 1,300. Tanganyika haikuchongwa na barafu. Ardhi ndiyo iliyopasuka na kudidimia, na kina chake kinafika mita 1,470. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe pale Mahale kina mita 2,462, maana yake mlima unapanda karibu mita 1,700 kutoka kwenye maji, na msitu unashuka mpaka ufukoni. Ndani ya Hifadhi ya Mahale hakuna barabara za magari. Anayetaka kuiona pwani hiyo vizuri hana budi kupanda chombo, na wanaouza safari hizo siku hizi ni wa kila aina.

Wengi wakirudi husifu kitanda, feni na soda ya baridi. Hayo ni mambo ya gesti. Ufundi wa safari ya ziwani unaonekana mahali pamoja tu, pale chombo kinapokutana na nchi kavu, na ukitaka kujua umepata safari au umeuziwa picha, tazama hapo.

Sababu iko chini ya maji. Kwa kuwa milima inaingia ziwani wima, sehemu nyingi ukitoka ufukoni kidogo tu nanga haipati pa kushika. Magati nayo yalikuwa machache mno kwa miaka mingi. Ndiyo maana Liemba ilipofika kwenye vijiji kama Lagosa au Kipili ilisimama mbali, ikapiga honi, na maboti yakaikimbilia kutoka ufukoni, kila moja likigombea kuuwahi mlango wa ubavuni. Magunia ya dagaa yalipanda, magodoro yakashuka, kuku wakapitishwa wamefungwa miguu, yote kwa dakika chache na mara nyingi usiku. Aliyewahi kusimama karibu na mlango ule anajua pa kupeleka macho. Baharia hodari hulifunga boti kwa kamba kabla hajampokea mtu yeyote. Hategemei mikono ya abiria kulishikilia. Huanza na watoto na wazee, mizigo baadaye. Halafu husubiri wimbi liinue boti, na ni hapo tu, boti likiwa juu, anapokushika juu ya kiwiko, siyo kiganjani, na kukuvuta mara moja. Kiganja kilicholowa huteleza. Ukiona mabaharia wanapokea kwa mtindo huo bila kupiga kelele, hata kama choo chao kina kasoro, panda.

Hata boti dogo la mbao linalokodishwa Kigoma au Kibirizi hupimwa likiwa ufukoni, kabla hujatoa hata senti. Omba mbao za sakafu ziinuliwe. Maji kidogo chini si dhambi, kwa sababu mbao hunywa, lakini ukikuta kopo la kuchotea maji limechakaa kuliko kitu kingine chochote chombo kizima, jibu umeshalipata. Tazama mshono kati ya ubao na ubao, hasa karibu na mkuku, kama pamba ya kuzibia imeanza kuchungulia. Uliza injini ya pili iko wapi. Jaketi la kuokolea livae palepale, ufunge mikanda yote, maana majaketi mengi hukaa kwa ajili ya mkaguzi na mikanda yake ilishakatika. Petroli isiwe karibu na jiko. Na utazame boti likiwa limeshapakiwa, siyo likiwa tupu. Ubavu ulioonekana mrefu asubuhi unaweza kubaki shubiri moja juu ya maji mizigo ikishaingia.

Juu ya nahodha nina kipimo kimoja tu. Muulize mara ya mwisho aliahirisha safari lini, na kwa nini. Ziwa hili lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, limenyooka kaskazini hadi kusini, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini hupata nafasi ya kulisukuma wimbi mbali sana kabla halijakufikia. Nahodha wa kweli atakueleza siku fulani, wingu fulani, abiria fulani waliomkasirikia. Anayekwambia yeye haahirishi, mshukuru, kisha umtafute mwingine.

Kiongozi wa watalii ni habari nyingine, na hapa Unyamwezi tuna mizani yetu ya zamani. Msafara wa wapagazi ulikuwa na kirangozi, anayetangulia na bendera, na mwendo wa watu wote ulitegemea akili yake: wapi pana maji, wapi pa kulala, mtemi gani anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, na kiasi gani. Kirangozi hakuwa mtu wa kuhutubia. Viongozi wengi wa leo wamejifunza kuhutubia tu. Majina ya samaki wanayo kwa Kilatini, ila ukiwauliza mwenye ufuko huu ni nani wanatazama saa.

Suala la hongo nalichukulia kwa uzito. Mwaka 1871, msafiri Mzungu Stanley alipokuwa akitoka Unyanyembe, karibu na Tabora, kwenda Ujiji, alichoshwa na madai ya watawala wa Uha akaamua kuupitisha msafara wake kwa siri, usiku, nje ya njia. Aliokoa nguo na shanga zake, sawa. Lakini safari inayoshusha wageni kijijini leo na kuwapitisha pembeni ya ofisi ya serikali ya kijiji inafanya jambo lilelile, na wanakijiji wanaliona. Safari nzuri hulipa hongo yake mchana, mbele ya watu, na risiti ikaandikwa. Ukishuka Karema au Kirando, angalia kiongozi anasalimia nani kwanza. Akianza na wazee waliokaa kivulini, wageni wakimsubiri nyuma, huyo ni kirangozi.

Karema yenyewe ni jaribio zuri la kiongozi. Atakuonyesha majengo ya wamisionari, hilo ni jepesi. Muulize kuhusu Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa ukanda huo hadi kufa kwake mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuuzwa akawa tabibu kwenye ziwa ambalo watumwa walivushwa kupelekwa Ujiji, Tabora na pwani. Kiongozi asiyemjua Atiman ameijua Karema kwa nje tu.

Na Mahale kuna kipimo kisichokubali mjadala. Sokwe wa huko huambukizwa mafua yetu, na mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua kadhaa kati yao. Kwa hiyo kundi la wageni ni watu sita, barakoa usoni, umbali wa mita kumi, kwa saa moja. Ubora hauonekani wakati wa kutaja masharti, kila mtu huyataja. Unaonekana dakika ya 60, sokwe wakiwa wamekaa wanachambuana manyoya mbele yako na bahashishi iko mbioni kuongezeka. Kiongozi bora husema tunaondoka, na anaondoka. Aliyetangulia kuwaambia wageni kuwa sokwe huteremka karibu zaidi na ufuko wakati wa kiangazi, na kwamba masika wanaweza kutembea milimani siku nzima wasiwaone, huyo naye mpe alama. Mpe nyingine akiwataja Watongwe, walioishi kwenye miteremko hiyo kabla haijawa hifadhi mwaka 1985 na ambao Nkungwe kwao ni mlima mtakatifu. Sifa za utafiti ulioanzishwa hapo na Toshisada Nishida wa Japani mwaka 1965 zinasimuliwa kila siku. Za Watongwe mpaka uulize.

Kuhusu kuogelea nitasema kifupi. Maji ni maangavu, samaki wa rangi wapo, na mamba wapo. Karibu na vijiji kuna kichocho pia. Anayekuapia kuwa hakuna kichocho ziwa zima anauza.

Sasa taa. Picha inayouza safari za Kigoma kuliko zote ni ile ya usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetandaa ziwani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa mwanga, na mbalamwezi ikikolea taa hazina kazi, kwa hiyo wengi hupumzika siku hizo. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kabisa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hicho ni kipindi kilekile watalii wanapomiminika. Anayekuuzia usiku wa taa bila kutazama kalenda ya mwezi wala tangazo la serikali hajawahi kuzungumza na mvuvi.

Mpishi naye anapimwa kwa dagaa. Waliokaushwa juu ya vichanja hung'aa kama fedha, vichwa viko mahali pake, na ukivunja mmoja analia. Waliotandazwa mchangani utawajua kwa meno. Wakaangwe kwa mawese mapya, mekundu, yasiyokwangua koo, na ugali wa muhogo pembeni. Mpishi anayefungua kopo la samaki kutoka ng'ambo wakati boti limezungukwa na migebuka wabichi ana nahodha asiyesimama vijijini, na hilo linakurudisha kwenye ufuko.

Bei usianze nayo. Ukiifikia, usiulize jumla tu. Omba wakuchambulie hifadhi inapata kiasi gani, kijiji kiasi gani, na wale vijana watakaokubeba mgongoni kukuvusha maji ya magoti wanalipwa na nani. Kama jibu ni kwamba vijana hao "mtamalizana wenyewe", basi weka noti ndogondogo mfukoni kabla treni haijaondoka Usoke, kwa maana Lagosa hutapata wa kukuvunjia elfu kumi.