Lango Linalofungwa na Bahari

Pwani ya Kilwa Kivinje bahari hupwa mbali. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Nyuma ya mikoko ya ukanda huu, kuanzia Kilwa hadi Lindi, yapo mashamba ya chumvi, na kazi ya shamba la chumvi huanzia langoni.

Maji ya kila siku hayafiki huko juu. Hufika siku chache tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na anayezikosa hungoja karibu wiki mbili. Kwa hiyo lango lapaswa kupitisha maji mengi kwa muda mfupi, kisha lisivuje bahari inaporudi.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maana halisi. Maji yakisimama kimo cha mita 1 nyuma ya lango lenye upana wa mita 1, hulisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 500 hivi. Ubao mmoja mzima ukibanwa namna hiyo, kuung'oa ni mateso. Dawa yake ni kulikata lango vipande: mbao 5 za sentimita 20, zinazoteremshwa moja juu ya nyingine katika mifuo ya nguzo mbili. Ubao wa juu kabisa husukumwa kwa kilo 20 tu. Wa chini, zaidi ya 180. Mtu mmoja aanzie juu, maji yapite, na kimo cha pande mbili kinapokaribiana mbao za chini nazo hulegea. Nyufa huzibwa kwa tope la mfinyanzi. Likiwa na mchanga mwingi, maji hulitoboa.

Uvumbuzi mzuri zaidi ni lango la kibawa. Ubao huning'inizwa kwa bawaba za juu, upande wa ndani wa fremu. Bahari ikipanda huusukuma ufunguke; ikishuka, maji yaliyomo shambani huubana ufunge. Uning'inizwe upande wa nje, na lango hilohilo litatoa maji ya mvua huku likiukinga mpunga na chumvi. Vlaardingen, Uholanzi, wanaakiolojia wamefukua mifereji ya magogo yenye vibawa vya aina hii, ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Majina ya waliovichonga hayakuandikwa, ingawa walistahili kuitwa wahandisi.

Kibawa kina adui mmoja: takataka. Kijiti cha mkoko kikinasa ukingoni, maji yote yanarudi baharini. Hasara hiyo inauma, kwani jua hulazimika kukausha maji ya bahari mpaka ibaki karibu sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ianze kuganda.

Busara ni kuweka vyote viwili. Bamvua la pwani hii hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni: kibawa kilinde maji ya alfajiri watu wakiwa wamelala, kukicha mbao ziteremshwe nyuma yake na tope likandikwe.