Kuhusu "Kusimamishwa Huru kwa Mbele"

Tumeletewa kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi wa magari, nasi tumekisoma tukiwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, pamoja na watu wale wale waliokusudiwa kukisoma. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyokitoa, kwani kosa lililomo wengi wetu tulio katika kazi hii tumepata kulifanya. Kijitabu chaeleza namna ya kuchukua pikapu ya zamani yenye ekseli moja nzima mbele, na kuitia mfumo ambao kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka bila kulishughulisha lile la pili. Kazi hiyo mfasiri ameiita "kuboresha kwa kusimamishwa huru kwa mbele".

Tuanze na "kusimamishwa". Mtumishi wa serikali asomapo neno hili huona barua yenye mhuri, na mshahara nusu. Fundi asomapo huona breki. Hakuna hata mmoja kati yao aonaye springi. Mfasiri alikuta neno moja la kigeni lenye maana kadhaa, mojawapo kumwondoa mtu kazini kwa muda, nyingine kutundika, nyingine kuubeba mwili wa gari juu ya springi. Naye akaitwaa ile aliyoizoea ofisini. Lau angalitwaa ile ya kutundika akasema "mning'inio", asingalifika mbali zaidi, maana pikapu haining'inii popote. Imezikalia springi zake.

Lakini neno lililoleta hasara ni "huru". Katika ukurasa wa mwisho fundi aagizwa "kuhakikisha kusimamishwa huru kwa magurudumu ya mbele kabla ya safari". Wenye pikapu za kuvuta kwa magurudumu yote manne wajua kwamba vitovu vya mbele vina frihabu, kidude kinachozungushwa kwa mkono ili magurudumu hayo ama yafungamane na shafti ama yaachwe yazunguke yenyewe. Dereva mmoja alisoma agizo, akasimamisha gari, akazizungusha frihabu zote mbili hadi kwenye alama ya kuachia, akaondoka kuelekea Kolandoto mvua ikinyesha. Atokaye Kishapu hahitaji kuelezwa udongo mweusi wa mbuga ulivyo ukinywa maji. Gari lilizama kabla ya saa moja kupita, na magurudumu ya mbele, yaliyokuwa "huru" kama alivyoagizwa, hayakusaidia kitu. Alilitii neno kama lilivyoandikwa.

Walimu wa sarufi wataona jambo jingine. "Huru" ni kivumishi kisichopatanishwa: chasema vile vile mtu huru, nchi huru, magurudumu huru. Kwa hiyo katika "kusimamishwa huru kwa magurudumu" msomaji hana alama ya kumwonyesha ni kipi kilicho huru, kitendo ama magurudumu. Katika ushairi utata huo waweza kuwa pambo; katika maagizo ya gereji ni hatari.

Tena kuna suala la maana yenyewe. Aliye huru ameondokewa na kizuizi. Gurudumu tunalolizungumzia halikuondokewa na kizuizi chochote: limeshikwa na mikono ya chuma, boli-jointi, springi na shokapu, pengine kwa viungo vingi kuliko awali. Kilichobadilika ni kwamba halimtegemei jirani. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno lililokwisha kufanyiwa kazi kubwa tangu mwaka 1967, lilipotoka Azimio la Arusha na makala ya Elimu ya Kujitegemea. Wapo watakaocheka kwamba twataka kuitia siasa chini ya chesisi. Na wacheke, mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kujitegemea si kukosa majirani ataielewa "magurudumu ya mbele yanayojitegemea" bila picha. Tulilijaribu hapo hapo Mhunze. Mzee mmoja alituonyesha mkokoteni wa ng'ombe: ekseli moja, gurudumu la kushoto likiingia shimoni la kulia nalo lainama. "Hilo halijitegemei," akasema, na somo likaisha.

Kuhusu "kuboresha" tuna shaka ya namna nyingine. Neno ni sahihi katika lugha, ila lina hukumu ndani yake, na hukumu hiyo si kazi ya mfasiri. Ni kweli kwamba magurudumu yanayojitegemea huufanya usukani utulie katika njia ya makorongo, nayo Peugeot 404 na 504, ambazo pikapu zake zilienea sana Afrika Mashariki, ziliundwa hivyo tangu mwanzo. Hilux ya kuvuta kwa magurudumu manne ilitoka mwaka 1979 na ekseli nzima mbele, na mwaka 1985 Toyota ikaiacha ekseli hiyo katika baadhi ya masoko ikaweka mikono ya chuma pamoja na fimbo za kujisokota badala ya springi za vyuma bapa. Lakini kampuni hiyo hiyo, ilipoibadilishia Land Cruiser ya aina ya 70 springi za mbele mwaka 1999, iliiachia ekseli yake nzima. Kwa mtu apitaye mbugani na magunia ya pamba, ekseli ina viungo vichache vya kuchakaa, na uwazi chini ya difu haupungui mzigo ukizidi. Yeye aweza kuona kwamba ameharibiwa gari. Mfasiri angaliandika "kubadili", au "kugeuza", akamwachia mwenye pikapu aamue kama amefaidika.

Sisi twapendekeza: "kubadili ekseli nzima ya mbele kuwa magurudumu yanayojitegemea". Ni ndefu, twakubali, na karani wa zabuni atanung'unika kwamba haienei katika safu ya fomu. Kwa jina la jumla la kile kinachoubeba mwili wa gari, tumeridhika kwa sasa na "mfumo wa springi", ambalo fundi hulielewa papo hapo, ingawa tunajua kwamba shokapu si springi nayo imo humo humo. "Mtegemeo" lingekuwa zuri katika kamusi, lakini hatujamsikia mtu aliyelala chini ya gari akilitamka. Wasomaji walio karibu na gereji, iwe Shinyanga, Geita au kwingineko, watuandikie wanavyosema huko, na watuambie pia ni nani asemaye, fundi ama mwenye gari.