Malipo Mseto au Malipo ya Mgawanyo? Uhakiki wa Istilahi za Dukani

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, juhudi kubwa imefanywa katika kuzipatia fani mbalimbali istilahi zinazoeleweka. Sayansi imepata yake, sheria imepata yake, na utawala kadhalika. Lakini istilahi za dukani, ambazo mwananchi hukutana nazo kila siku, kwa sehemu kubwa zimeachiwa wauzaji na wanunuzi wajitungie wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno yanayoshindana kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni hili: mnunuzi ananunua kitu kimoja, kwa muuzaji mmoja, kwa wakati mmoja, kisha analipa sehemu ya bei kwa kadi na sehemu iliyobaki kwa fedha taslimu au kwa simu.

Mifano yetu inahusu zaidi mji wa Moshi na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro. Huo ni mji wa kahawa na wa wageni wapandao mlima, na mbele ya kaunta moja ya duka katika kata ya Mawenzi huweza kusimama pamoja mtu mwenye kadi, mwenye simu na mwenye noti. Aidha huweza kusimama mtu mmoja mwenye vyote vitatu, na hapo ndipo lugha inapotakiwa kumsaidia.

Jambo lenyewe

Hebu tuchukue mfano. Fundi ananunua mabati ya shilingi 300,000. Katika akaunti yake ya benki mna shilingi 180,000, na katika simu yake mna 150,000. Mashine ya kadi haijui bei ya mabati. Inajua tu kiasi anachokiingiza muuzaji. Kwa hiyo muuzaji huingiza 180,000, akasubiri idhini ya benki, kisha mnunuzi hutuma 120,000 kwa simu. Hizo ni idhini mbili, zenye namba mbili za kumbukumbu, kwa mauzo mamoja.

Sasa tuseme kadi imekubali na simu imekataa. Je, mauzo yamekamilika? Au tuseme mabati yana kasoro na yanarudishwa. Kwa kawaida fedha iliyolipwa kwa kadi hurejeshwa katika kadi ileile, na iliyolipwa kwa njia nyingine hurejeshwa kwa njia yake. Ikiwa risiti haikutaja kila sehemu kwa jina lake, mnunuzi hana ushahidi wa kudai, wala muuzaji hana ushahidi wa kujitetea. Kwa hiyo hatushindani hapa juu ya uzuri wa maneno. Tunazungumzia fedha ya mtu.

Maneno yanayoshindana

(a) Malipo ya mgawanyo, au kugawa malipo. Haya ndiyo maneno yanayomjia upesi mtu anayetafsiri neno kwa neno. Ila yapo mashaka. Kugawa ni kutoa vitu kwa watu wengi, kila mmoja apate fungu lake. Na kugawana ni kazi ya watu wawili au zaidi. Asikiaye kwamba malipo yamegawanywa atadhani kwamba marafiki wawili wamechangia chakula cha hotelini, au kwamba muuzaji na dalali wamegawana mapato. Mlipaji mmoja mwenye njia mbili hamo katika picha hiyo.

(b) Malipo ya awamu, au malipo kwa mafungu. Neno hili ni la hatari zaidi, kwa kuwa linazaa deni. Awamu huhusu wakati: leo kiasi hiki, mwezi ujao kiasi kile. Muuzaji akimwambia mnunuzi, "Unaweza kulipa kwa mafungu," naye amekusudia kadi na simu, mnunuzi ana haki ya kuelewa kwamba amepewa muda. Katika mteremko wa Kilimanjaro kosa hili lina mizizi mirefu. Tangu enzi za Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, mkulima wa kahawa amezoea kupokea malipo ya kwanza anapopeleka kahawa yake chamani, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Kwake yeye, kusikia "malipo mawili" ni kusikia habari ya kungoja.

(c) Nusu kwa nusu. Hii ni lugha ya mazungumzo, na ina utamu wake. Lakini 180,000 si nusu ya 300,000. Istilahi inayosema uwongo wa hesabu haifai kuandikwa katika risiti.

(d) Malipo changanyiko. Hapa tunakaribia lengo, maana mchanganyiko unakubali kwamba kuna vitu viwili. Kasoro yake ni kwamba vitu vikichanganyika mara nyingi havitenganishiki tena: maji na maziwa yakishachanganyika, nani atayatenga? Nasi tunahitaji neno linaloruhusu kila sehemu irudi kwao siku ya kurejesha bidhaa.

(e) Malipo mseto. Mseto kwa asili ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa katika chungu kimoja. Mlaji huviona vyote viwili katika sahani. Lugha imekwisha kulipanua neno hili katika siasa, tunaposema serikali ya mseto, na katika kilimo, tunaposema kilimo mseto. Na kwa msomaji wa Kilimanjaro kilimo mseto si neno la kitabuni. Ni kihamba chenyewe, mahali ambapo mgomba humpa kivuli mkahawa, na kila mmea hutoa zao lake. Mwaka 2011 kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Shamba ni moja, mazao ni mbalimbali, wala hakuna anayechanganya ndizi na kahawa wakati wa kuvuna. Ndivyo yalivyo na malipo tunayoyazungumzia.

Kiini cha kasoro

Tukiyatazama maneno matatu ya kwanza kwa pamoja tunaona sababu ya kushindwa kwake. Kiswahili cha biashara ni tajiri, lakini utajiri wake mkubwa umo katika kutofautisha wakati na uaminifu. Arbuni hutangulia. Taslimu hutolewa papo hapo. Bakaa hubaki nyuma. Mali kauli huchukuliwa kwa neno tu, na fedha hufuata baada ya kuuza. Maneno hayo yote hujibu swali la "lini?" au "kwa dhamana ya nani?" Jambo letu linajibu swali jingine: "kwa njia gani?" Anayelichukua neno la wakati au la watu na kulivika jambo la njia, lazima apotoshe.

Hata hivyo jambo lenyewe si geni kabisa kwa mwananchi. Kuanzia msimu wa 2008/2009 hadi 2013/2014 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo za kilimo, na Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoshirikishwa. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei ya mbegu au mbolea, na mkulima aliongeza kiasi kilichobaki kwa fedha zake mbele ya wakala. Huo ulikuwa ununuzi mmoja wenye njia mbili za malipo, na wakulima waliufanya bila kungoja istilahi. Vitenzi vya kuongeza na kujazia vinalitosha tendo hilo, kwani chombo cha kwanza hakikujaa, cha pili kikakijaza. Vitenzi hivyo visidharauliwe kwa sababu tu ni vya kawaida.

Kadi ipi?

Hatuwezi kumaliza bila kuitazama sehemu ya pili ya istilahi. Wengi huita kila kadi "kadi ya mkopo". Hilo ni kosa, kwa sababu kadi nyingi ambazo benki huwapa wateja wa kawaida hutoa fedha za mwenye kadi mwenyewe kutoka katika akaunti yake. Hakuna mkopo hapo. Jina la jumla liwe kadi ya malipo, na kadi ya mkopo ibaki kuwa aina mojawapo.

Kuhusu kitenzi kuchanja, kinachotumiwa na vijana kwa kupitisha kadi katika mashine, tunakisifu kwa uhai wake: kinatukumbusha chale, chanjo, na kuni zinazopasuliwa. Lakini kadi nyingi siku hizi huchomekwa au hugusishwa tu. Tena, kwa kuwa kuchanja kuni ni kuzipasua, neno hili katika habari ya malipo yenye sehemu mbili litazidisha utata. Libaki katika mazungumzo.

Mapendekezo

Tunapendekeza yafuatayo:

1. Malipo mseto iwe istilahi ya ununuzi mmoja unaolipwa papo hapo kwa njia mbili au zaidi.

2. Kujazia kiwe kitenzi cha kukamilisha bei kwa njia ya pili, na kiasi hicho kiitwe fedha ya kujazia.

3. Malipo ya awamu yaachiwe mambo ya wakati peke yake, na kuchangia kuachiwe watu zaidi ya mmoja.

4. Risiti itaje kila sehemu: kadi kiasi gani, simu kiasi gani, taslimu kiasi gani, na jumla yake. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Hazitaelewa Kiswahili mpaka sisi wenyewe tumekubaliana la kuziambia.

Wapo watakaosema kwamba mseto ni neno la jikoni, halina hadhi ya benki. Tunawajibu kwamba lilikwisha kuingia Bungeni na shambani, na kote huko halikuvunjiwa heshima. Tunawakaribisha wasomaji, hasa wafanyabiashara, makarani wa benki na viongozi wa vyama vya ushirika, watuletee hoja zao, iwe za kuunga mkono au za kupinga. Istilahi huthibitishwa na watumiaji wake, na fundi wa mabati anayo haki ya kutoka dukani akijua kwa hakika kama amemaliza kulipa au bado anadaiwa.