Mwizi wa Elektroni na Kidhibiti Chake

Mkulima wa Nkunga, wilayani Rungwe, aliyewahi kupulizia parakwati kwenye magugu anaijua tabia yake. Siku ya jua kali majani huanza kunyauka ndani ya saa chache, na kesho yake shamba lina rangi ya mahali palipopitiwa na moto. Siku ya mawingu, na Rungwe haina uhaba wa mawingu, dawa ileile hufanya kazi polepole. Ukiipulizia giza likikaribia, magugu hukesha yakiwa kijani kana kwamba hayakuguswa. Hukumu yao husubiri jua lichomoze.

Sumu inayongoja mwanga ina shughuli na mwanga. Wakemia wanaifahamu parakwati kwa jina jingine, methili viologeni. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1882, kisha mwaka 1933 Leonor Michaelis akaiita viologeni kwa sababu ya rangi: ikiwa kwenye maji haionekani, lakini kila molekuli ikipata elektroni moja ya ziada, maji hugeuka bluu ya kuelekea zambarau. Kwamba inaua magugu kuligunduliwa Uingereza mwaka 1955, na mwaka 1962 ikaingia sokoni. (Inaua na watu pia, funda moja linatosha, na haina kiuasumu. Umoja wa Ulaya uliiondoa mashambani mwaka 2007.) Molekuli hiyohiyo imekuwa chombo cha kawaida katika maabara zinazochunguza nukta za kwanta.

Nukta ya kwanta ni punje ya semikondakta, mara nyingi kadimiamu selenidi, yenye kipenyo cha nanomita 2 hadi 6 hivi. Ndani yake elektroni imebanwa. Punje inavyozidi kuwa ndogo ndivyo elektroni inavyohitaji nguvu zaidi kuamshwa, na ikiamka hukaa juu zaidi. Ndiyo maana punje ndogo hung'aa kijani na kubwa hung'aa nyekundu, ilhali kemikali ni moja. Mwaka 1993 Murray, Norris na Bawendi wa MIT walionyesha namna ya kuzipika kwa kudunga kemikali ghafla ndani ya kiyeyusho cha moto, zikatoka zikiwa na ukubwa unaokaribiana. Bawendi alipata Nobel ya Kemia mwaka 2023 pamoja na Louis Brus na Aleksey Yekimov.

Mwanga ukiipiga punje, elektroni hupanda na kuacha shimo lenye chaji chanya. Isipoguswa na chochote, hurudi shimoni na punje hung'aa. Sasa bandika methili viologeni juu ya punje: mng'ao unafifia. Elektroni imechukuliwa, si ndiyo?

Bado. Mng'ao kufifia ni sawa na kuku kupungua bandani. Huenda kaibiwa, huenda kaliwa na kicheche, huenda kafia kichakani. Elektroni nayo huenda imenaswa kwenye kasoro ya uso wa punje, au punje imeipa molekuli nishati tu bila kuipa chaji. Nimesoma maelezo mengi yanayorukia neno "uhamisho wa chaji" kwa ushahidi wa mng'ao peke yake, nami huwa siridhiki. Mwizi akutwe na kidhibiti, na saa ya kuku kutoweka ioane na saa ya kidhibiti kuonekana.

Kidhibiti kipo: ile bluu. Methili viologeni iliyopokea elektroni hufyonza mwanga wa nanomita 605 hivi. Upande wa punje nako kuna alama: elektroni ikiwa imekaa juu, punje hupunguza ufyonzaji wake kwenye rangi yake maalumu, na elektroni ikiondoka ufyonzaji hurejea. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu huchagua punje ndogo, ambazo rangi yake iko mbali na 605, ili alama mbili zisifunikane. Isitoshe, methili viologeni ambayo haijapokea kitu haina rangi, hivyo haiwezi kudaka nishati ya mng'ao wa punje. Mshukiwa mmoja anaachiwa mapema.

Tatizo lililobaki ni saa. Tukio linaweza kuisha ndani ya pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na hakuna kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga kwa kasi hiyo. Ujanja wake unapendeza. Mpigo wa leza hugawanywa mara mbili: wa kwanza unaiamsha punje, wa pili unapita kuangalia. Ule wa pili hucheleweshwa kwa kusogeza kioo. Mwanga husafiri milimita 0.3 kwa pikosekunde moja, na kwa kuwa unakwenda kwenye kioo na kurudi, kukisogeza milimita 0.15 kunatosha. Saa hiyo, kimsingi, ni skrubu na rula.

Kwa njia hii, mwaka 2010 kundi la Tianquan Lian wa Chuo Kikuu cha Emory lilipima molekuli nyingine, methilini bluu, rangi ambayo Paul Ehrlich aliwahi kuijaribu kutibu malaria mwaka 1891. Elektroni ilihama kutoka kadimiamu selenidi kwa takribani pikosekunde 2. Kasi hiyo ina faida: punje ikiamshwa mara mbili kwa pamoja, kwa kawaida jozi moja ya elektroni na shimo huila nyingine, lakini molekuli zilizo karibu ziliwahi kuchukua zaidi ya elektroni moja kabla ya hasara hiyo.

Kuchukua hakutoshi, maana shimo bado linaiita elektroni irudi. Atakaye bluu idumu huongeza kemikali ya kuliziba shimo, kisha hupitisha naitrojeni au agoni kwenye kichupa kuitoa hewa. Oksijeni ikibaki, humnyang'anya mwizi mali yake na bluu hupotea.

Kwenye jani hakuna wa kuitoa hewa. Parakwati huchukua elektroni zilizoamshwa na klorofili, huipa oksijeni, hurudi mikono mitupu kuchukua nyingine, na oksijeni iliyochajiwa huzaa kemikali kali zinazopasua utando wa seli. Mzunguko huo unaendelea maadamu jua linawaka juu ya shamba.