Kizuizi Kilichohamishwa: Mapenzi na Ushindani wa Kazi katika The Hating Game

Riwaya pendwa ya mapenzi ni utanzu ambao wahakiki huupitia mbali, ilhali wanafunzi wao huusoma usiku bila kuona haya. Sababu inayotolewa aghalabu ni kwamba mwisho wake unajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza. Hoja hii ni dhaifu, kwani mwisho wa tanzia nao hujulikana. La kuulizwa ni namna mtunzi anavyoufikia mwisho huo, na nani anayelipa gharama yake. Kwa swali hilo, The Hating Game, riwaya ya kwanza ya Sally Thorne wa Australia, iliyotoka mwaka wa 2016 na kufanywa filamu mwaka wa 2021, inastahili kusomwa kwa makini.

Msuko wenyewe si mgumu. Kampuni mbili za uchapishaji wa vitabu zimeunganishwa na kuwa Bexley & Gamin. Wakurugenzi wakuu ni wawili, na wasaidizi wao, Lucy Hutton na Joshua Templeman, huketi wakitazamana katika ofisi moja huku wakichukiana. Kisha panazuka wadhifa mpya wa juu, na wote wawili wanautaka. Atakayeupata atakuwa mkubwa wa mwenzake. Lucy anaapa kwamba akishindwa atajiuzulu.

Muungano huu wa kampuni ni ndoa ya kulazimishwa, na hapa ndipo mtunzi alipoona mbali. Waliotoka Gamin hujiona wapenzi wa fasihi. Waliotoka Bexley huonekana watu wa hesabu na faida. Chuki ya Lucy na Joshua ni sura ndogo ya mfarakano huo mkubwa, hivi kwamba mapenzi yao yangeweza kuwa hoja kamili kuhusu vitabu na fedha, yaani kama vitu hivi viwili vinaweza kukaa nyumba moja. Hoja hiyo imepandwa vizuri mwanzoni. Haikupaliliwa.

Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza na wakati uliopo, na msomaji hana jicho jingine ila la Lucy. Kwa kuwa jicho hilo linakosea, kejeli inazaliwa: msomaji anang'amua mapenzi ya Joshua mapema kuliko msimulizi mwenyewe. Mfano bora ni shajara ya kazi ya Joshua. Lucy anaona humo alama za penseli na kuzichukulia kuwa za uadui. Baadaye inabainika kwamba baadhi yake ni herufi zinazoonyesha iwapo siku hiyo alivaa gauni au sketi. Riwaya inataka msomaji atabasamu. Lakini mwanamume anayeweka kumbukumbu ya mavazi ya mfanyakazi mwenzake kila siku angeitwa jina jingine kabisa kama asingependwa. Radway, katika utafiti wake wa mwaka wa 1984 kuhusu wanawake wa Marekani wanaosoma riwaya hizi, alionyesha jinsi msomaji anavyojifunza kuufasiri upya ukali wa mwanamume kuwa ni upendo uliofichwa. Shajara ya Joshua ni somo hilo hilo kwa muhtasari, na Thorne analipita haraka mno.

Kwa mujibu wa Regis (2003), kila riwaya ya mapenzi huwa na kizuizi kinachowatenga wapenzi. Hapa vizuizi ni viwili. Cha ndani, yaani chuki na kutoelewana, kinaondolewa kwa subira na ustadi: Lucy anapougua, Joshua anamuuguza, na matendo yanasema yale ambayo mdomo wake ulikuwa ukiyakanusha. Cha nje ni ule wadhifa. Hiki hakiondolewi bali kinahamishwa. Joshua anajiuzulu na kupata kazi kwingineko, na shindano lililotishia kurasa zote halifanyiki kati yao. Hivyo Lucy ananyimwa nafasi ya kumshinda mpenziwe waziwazi, na Joshua ananyimwa nafasi ya kushindwa naye kisha akaendelea kumpenda. Ukarimu wake unapendeza. Hata hivyo, unamwacha mwanamke akidaiwa fadhila pale alipoahidiwa ushindi.

Filamu ya Nora Ephron, You've Got Mail (1998), iliyotokana na tamthilia ya Miklós László, Parfumerie, ya mwaka wa 1937, haikujihifadhi kiasi hicho. Wapenzi wa László walikuwa wafanyakazi wa duka moja. Ephron akawafanya wenye maduka yanayogombania wanunuzi. Duka dogo la vitabu la Kathleen linafungwa kwa sababu ya duka kubwa la Joe, na bado anampenda. Mwisho huo unakera, lakini gharama inaonekana na aliyeilipa anajulikana. Msomaji wa Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) naye ameshazoea ulimwengu ambamo fedha zikiingia katika mapenzi hazitoki.

Thorne anazitoa, au anadhani amezitoa. Kwani kazi mpya ya Joshua ni katika idara ya fedha ya kampuni nyingine ya uchapishaji. Kuanzia hapo wapenzi hawa watawania waandishi wale wale na wasomaji wale wale, kila mmoja kwa niaba ya mwajiri wake. Ndipo wanapokuwa washindani wa kibiashara kwa maana halisi ya neno, na ndipo riwaya inapokoma.