Siri na Shaka: Uhakiki wa Taarifa ya Chilcot

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii yatufaa tunapoipima taarifa ya tume iliyochunguza jinsi Uingereza ilivyoingia katika vita vya Iraq mwezi Machi 2003. Taarifa hiyo, maarufu kwa jina la mwenyekiti wa tume, Sir John Chilcot, ilitolewa tarehe 6 Julai 2016. Ina juzuu 12 na maneno yapatayo milioni 2.6. Wengi wameihakiki kwa hukumu zake. Mimi nataka kuihakiki kwa jinsi ilivyopatikana. Naona kuwa wema wake mwingi ulizaliwa na shaka ya watu, na kasoro yake kubwa ilizaliwa na siri ya wakubwa.

Watu hawakushuku bila ya sababu. Septemba 2002 serikali ya Tony Blair ilichapisha waraka uliodai kuwa Iraq yaweza kuweka tayari baadhi ya silaha zake za maangamizi katika muda wa dakika 45. Vita vilipiganwa, na silaha hizo hazikuonekana. Mwaka 2004 taarifa mbili zilitolewa. Ile ya Lord Hutton, juu ya kifo cha mtaalamu David Kelly, iliikemea BBC kuliko ilivyoikemea serikali. Ile ya Lord Butler, juu ya habari za upelelezi, ilitokana na vikao vya faragha. Basi Gordon Brown alipolitangazia Bunge tarehe 15 Juni 2009 kuwa uchunguzi mpya nao utasikilizwa faragha, kwa mfano wa tume ya Lord Franks iliyochunguza asili ya vita vya Falklands na ambayo mwaka 1983 haikuitia serikali hatiani, wasikilizaji walidhani wameujua mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Wabunge, majemadari waliostaafu na wazazi waliofiwa na watoto wao vitani walilalamika. Baada ya siku chache Chilcot mwenyewe alisema kuwa vikao vingi iwezekanavyo sharti viwe vya wazi, na tarehe 24 Novemba 2009 milango ilifunguliwa. Blair alihojiwa hadharani Januari 2010, na tena Januari 2011. Lau watu wangalinyamaza, mahojiano hayo yangalibaki baina ya kuta nne.

Mtetezi wa siri ana hoja zake, nasi ni haki tuzisikilize. Mpelelezi akitajwa jina, uhai wake huwa hatarini. Rafiki wa dola akiona maneno yake yamemwagwa sokoni, hatanena tena kwa moyo mweupe. Shahidi aliyejifungia na wachunguzi huenda akakiri asiloweza kulikiri mbele ya halaiki. Hoja hizo si za kubezwa. Walakini iko siri ilindayo uhai na iko siri ilindayo heshima ya mwenye cheo, na mlinzi wa ile ya pili aghalabu huvaa nguo za ile ya kwanza.

Mfano ni barua za Blair kwa Rais George W. Bush. Tume ilizisoma, lakini Katibu wa Baraza la Mawaziri alikataa zichapishwe, na mabishano juu ya hati za namna hiyo yaliendelea hadi 2014. Hatimaye msomaji alipofunuliwa barua ya tarehe 28 Julai 2002, aliona Waziri Mkuu akimwahidi Rais kuwa pamoja naye kwa vyovyote vile, miezi karibu 8 kabla ya Bunge kupiga kura. Barua ilichapishwa na dola haikuanguka, wala urafiki wa Uingereza na Marekani haukuvunjika. Kilichoumia ni sifa ya mwandishi wake.

Lugha ya taarifa ni ya upole, nayo hupata nguvu kwa upole huo. Haimwiti mtu mwongo. Husema tu kuwa njia za amani hazikuwa zimekwisha, kuwa hatari ya silaha ilielezwa kwa yakini isiyostahili, na kuwa namna uhalali wa vita ulivyoamuliwa haikuridhisha hata kidogo. Juu ya vita vyenyewe kuwa halali au haramu, haikutoa hukumu. Waliotabiri kuwa itawasafisha wakubwa walikosea.

Lakini walikosea kwa sababu walipiga kelele mapema. Tena ukweli huo ulichelewa. Kazi iliyotarajiwa kuchukua mwaka 1 ilichukua 7, kwa ubishi juu ya hati na kwa desturi ya kuwapa wanaolaumiwa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapishwa. Mwaka 2015 jamaa za askari walitishia kwenda mahakamani ili tarehe ya kutolewa itajwe. Taarifa yenyewe yataja vifo vya Waingereza zaidi ya 200 na Wairaki wasiopungua 150,000. Kwa waliofiwa, miaka 7 ya kungoja si jambo la makaratasi.

Serikali hupenda kuiita shaka ya raia utovu wa adabu. Taarifa ya Chilcot yatufundisha kinyume. Tume hupewa uwezo na serikali, lakini imani hupewa na watu, na watu hawatoi imani yao kwa mlango uliofungwa.