Jina Liko Mgongoni: Kanga za Lubaina Himid

Kanga ina viungo vitatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Ikikosa jina, mwanamke wa pwani huiona ni kitambaa tu. Kwa hiyo nimezitazama kwa jicho la mshairi kanga anazochora Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1954, aliyepelekwa Uingereza akiwa na umri wa miezi minne baada ya kufiwa na baba. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mtoto akakulia kwenye nakshi.

Himid alisomea mapambo ya jukwaa la maigizo, na ujuzi huo haujamtoka. Mwaka 1985 aliwakusanya wasanii wanawake weusi na wenye asili ya Asia katika maonyesho ya The Thin Black Line, London. Baadaye alipaka nakshi juu ya kurasa za gazeti la The Guardian, akifichua namna picha za watu weusi zilivyowekwa kando ya maneno yanayowadunisha. Hufunika ili tuone. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Hata hivyo kanga zake zinanitatiza. Pindo lipo, mji upo, jina lipo kwa Kiingereza, mara nyingine likitoka kwa waandishi kama James Baldwin na Audre Lorde. Nimejaribu kuyatafsiri majina hayo. Maana ilikubali, ukali haukuja. Jina la kanga halisemwi hewani. Lina msemaji na msemwa: mke mwenza, jirani, mume. Mvaaji hupita kimya, mgongo ukanena. Kanga za Himid hutundikwa ukutani, au juu mithili ya bendera. Hazina mvaaji, wala hapana wa kushtuka. Tena kila moja i peke yake, haina mwenziwe wa kutimiza doti.

Kanga yake ya kweli nimeikuta kwingine, katika Naming the Money ya mwaka 2004: watu 100 wa mbao, wenye kimo cha binadamu, watumwa wa majumba ya kifalme ya Ulaya. Wamo wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu na wachora ramani. Mgongoni mwa kila mmoja pana maandishi: jina lake mwenyewe na jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoijua kwao na kazi aliyotwishwa ugenini. Ukimpita kisha ukageuka, mgongo wake unakusemesha. Hapo jina limempata mwenyewe, na msemwa ni sisi watazamaji.

Himid aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026. Ni heshima kubwa, nasi twampongeza. Lakini natamani kanga zake zichapwe kwa doti, ziuzwe Darajani, zivaliwe mitaani. Siku hiyo tutajua kama majina yake yanachoma.